Breki ya Chukudu



Wengi wenu mnasoma ukurasa huu mkiwa mahali ambapo hamkuchagua kuishi: katika chumba cha jamaa huko Ndosho au Majengo, katika darasa la shule, au katika kijiji mlichorudia na kukuta nyumba haina mabati. Tunajua kwamba maneno kama "kujiendeleza" yanaweza kuwaudhi. Mama aliyeacha shamba lake la maharage Masisi haulizi namna ya kujiendeleza. Anauliza watoto watakula nini jioni. Ndiyo maana somo letu la leo halianzii kwenye kitabu. Linaanzia barabarani, kwenye kazi ambayo kila mtu wa Goma ameiona tangu utoto.

Kwanza lazima tukiri jinsi tulivyolipata. Kabla kambi zilizouzunguka mji hazijaondolewa mwezi wa Februari 2025, tuliitisha mkutano juu ya hasira na magomvi katika kambi moja upande wa magharibi. Tulibandika makaratasi makubwa kwenye ukuta wa shiti, tukachora hatua za ugomvi kwa mishale, tukaongea kwa zaidi ya masaa mawili. Jua lilikuwa kali. Akina mama walikuwa wanatazama barabara, wakingoja gari la ugawaji. Mwishoni papa mmoja msukuma chukudu alisimama akauliza kama kati yetu kuna aliyewahi kushuka kutoka Kibumba na mzigo wa kabichi. Hakuna aliyeinua mkono. Akasema, basi kaeni chini niwaeleze hasira ni nini. Watu wakacheka, mara ya kwanza siku ile.

Maelezo yake yalichukua dakika kumi hivi, na yalipita makaratasi yetu yote. Tangu hapo tumerudi kwake na kwa wenzake kuuliza zaidi, na tumeyaunganisha na mambo tuliyojifunza kwa wanamichezo, kwa watu wa dini na kwa akina mama wa vikundi vya akiba.

Chombo kinachobeba mji

Kwa wale wanaotusoma kutoka mbali: chukudu ni chombo cha mbao chenye magurudumu mawili, bila injini, bila pedeli. Kina urefu wa mita 2 hivi. Kiunzi chake hukatwa mara nyingi katika mti wa kaltusi, na magurudumu ya mbao huvikwa mpira wa tairi kuukuu la gari. Juu ya ubao hupigiliwa kipande cha mpira au kandambili iliyokatika, msukuma anapiga goti moja hapo na kusukuma ardhi kwa mguu mwingine. Watu wanasimulia kwamba chukudu zilianza kuonekana Kivu katika miaka ya 1970. Leo mjini kuna sanamu yake ya rangi ya dhahabu, kwenye Rond-point Tchukudu, na kuna msemo wa utani kwamba ni mfanyakazi pekee wa Goma aliyewahi kujengewa sanamu.

Chombo hicho hubeba makala, mbao, magunia ya viazi, vitunguu na kabichi, mara nyingi mamia ya kilo kwa safari moja. Kinapopanda, kinasukumwa na watu wawili au watatu, na mwendo ni wa mtu anayetembea. Lakini kutoka Kibumba, zaidi ya kilomita 20 kaskazini mwa mji kwenye barabara ya Rutshuru, njia inateremka kupitia Kibati na Kanyaruchinya, volkano ya Nyiragongo ikiwa upande mmoja. Hapo hakuna anayesukuma. Mzigo unajisukuma wenyewe.

Breki ya chukudu, wengine wanaiita freni, ni kipande cha mpira kilichofungwa nyuma karibu na gurudumu. Msukuma anakikanyaga kwa mguu, kinabana gurudumu, mwendo unapungua. Ni hicho tu. Hakina bei kubwa, na mgeni anayekitazama chombo hicho hakioni hata kidogo. Anaona mzigo.

Papa yule alituambia kwamba kijana anayejifunza kazi huwa na haraka ya kubeba. Anataka aonekane na magunia. Mwalimu mwenye akili anamnyima mzigo kwa siku nyingi. Anamfanya ashuke na chombo kitupu, mara ya kwanza, ya pili, ya kumi, mpaka mguu ujue wenyewe mahali breki ilipo bila jicho kuutafuta. Kwa sababu siku ya kabichi hakutakuwa na nafasi ya kutafuta.

Mzigo na mwendo

Kuna hesabu ndogo hapa ambayo wasukuma wanaijua kwa mifupa yao, na sisi tuliwahi kuisoma shuleni tukaisahau. Mzigo ukiongezeka mara 2, nguvu inayohitajika kuusimamisha nayo inaongezeka mara 2. Lakini mwendo ukiongezeka mara 2, nguvu hiyo inakuwa mara 4. Kwa hiyo kinachoua barabarani si uzito peke yake. Mzee mwenye mzigo mzito na mwendo mdogo anafika Virunga sokoni salama. Kijana mwenye mzigo wa wastani aliyeachia chombo kikimbie hawezi tena kukisimamisha, hata akanyage kwa miguu yote miwili. Mpira unapata moto, unalainika, unakatika. Na mvua ikinyesha ni shida zaidi.

Ndiyo sababu msukuma mzoefu hafungi breki katikati ya mteremko. Anafunga kabla ya mteremko kuanza, kidogo kidogo, na anashikilia hivyo mpaka chini.

Sasa tuangalie maisha yetu. Uzito tulio nao hatukuuomba. Mapigano yalipoanza tena mwaka 2022, watu wengi wa Kibumba walishuka barabara ileile, lakini safari hii chukudu zao zilibeba magodoro, sufuria na vikongwe. Wakakaa Kanyaruchinya. Mwishoni mwa Januari 2025 M23 waliuchukua mji wa Goma baada ya mapigano makali, na mwezi uliofuata kambi zikaondolewa, watu wakabeba tena. Kabla ya hapo kulikuwa na Novemba 2012, mji ulipochukuliwa mara ya kwanza na kundi hilo, na kulikuwa na lava ya Nyiragongo iliyopita katikati ya mji Januari 2002, na ile ya Mei 2021 iliyoteketeza nyumba za Buhene. Mtu mzima wa miaka 40 hapa amekimbia mara ngapi? Uzito huo hatuwezi kuutua kwa mafundisho, na anayewaambia kwamba unatulika kwa mafundisho anawadanganya.

Lakini mwendo ni jambo jingine. Uvumi una mwendo. "Wenyeji wanataka kutufukuza." "Wale wa kabila fulani ndio walioonyesha njia." "Mgawaji ameandika majina ya ndugu zake." Neno kama hilo linatoka kwenye bomba la maji saa moja asubuhi, na saa tatu limefika mwisho wa kambi likiwa limekua. Anayelipokea ana mzigo tayari. Akiliachia likimbie, saa nne mtu ameshika fimbo. Hatusemi uvumi wote ni uongo, kwani mara nyingine mgawaji ameandika kweli majina ya ndugu zake. Tunasema kwamba hata jambo la kweli, likifika kwa mwendo ule, linaangusha watu ambao hawakukosa.

Viongozi, ninyi rais wa kambi, mashefu wa avenyu, wazee wa mabaraza, mahali penu ni juu ya mteremko. Mkingoja mpaka fimbo ionekane mmechelewa. Kiongozi mmoja tuliyemfahamu alikuwa na desturi ambayo wengine waliiona ya kitoto: habari yoyote ya kutisha ikimfikia, alimwomba aliyeileta akae, ampe maji, kisha aieleze tena tangu mwanzo na kusema nani aliona kwa macho yake. Mara nyingi, mtu alipoeleza mara ya pili, habari ilikuwa imepungua nusu.

Mwili nao unafundishwa

Watu wa misaada wanapenda kuhimiza mazoezi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima afanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 angalau kila wiki. Ni shauri zuri, lakini tusimwambie aende kukimbia mama anayebeba bidoni ya lita 20, ambayo ni kilo 20 za maji, mara 4 kwa siku juu ya mawe ya volkano. Mama huyo amemaliza dakika zake Jumatatu. Anachokosa ni kupumzika, na mtu wa kumpokea bidoni. Vijana wa kiume mnaosoma hapa, hilo linawahusu.

Kwa upande mwingine kuna vijana waliokaa miezi bila shamba, bila shule, bila kazi, na nguvu yao haina pa kwenda. Hao wanahitaji mazoezi kama wanavyohitaji chakula. Goma ina historia nzuri katika jambo hili. Kwa miaka mingi, kocha wa ngumi anayejulikana kwa jina la Kibomango, ambaye mwenyewe alikuwa askari mtoto, amefundisha vijana mjini, miongoni mwao waliowahi kubeba silaha. Watu wasioijua ngumi wanashangaa: mbona mnawafundisha kupiga watu waliotoka kupigana? Lakini anayefika kwenye mazoezi na hasira hachukui hata raundi mbili. Anapiga hovyo, pumzi inakwisha, mikono inashuka, na mwenzake aliyetulia anampata. Bondia anajifunza kulinda uso kabla ya kupiga, na kengele ikilia anaacha, hata kama ngumi yake ilikuwa njiani.

Mfano mwingine unatoka jirani, Bukavu. Popole Misenga alizaliwa huko mwaka 1992. Akiwa mtoto alikimbia vita, akatengana na familia yake, akapatikana msituni baada ya siku 8. Alijifunza judo Kinshasa. Mwaka 2013 alikwenda Brazili kwa mashindano ya dunia, akaomba hifadhi huko pamoja na Yolande Mabika, mzaliwa mwenzake wa Bukavu. Mwaka 2016 wote wawili walishindana katika Olimpiki ya Rio, katika timu ya kwanza ya wakimbizi katika historia ya michezo hiyo. Popole alishinda pambano lake la kwanza, kisha akatolewa na bingwa kutoka Korea Kusini. Hakupata medali, na bado watu wa Kivu wanalitaja jina lake.

Hatuleti habari yake ili mseme kila mtoto wa kambi atakwenda Olimpiki. Hatakwenda. Tunaileta kwa sababu ya mambo mawili ya judo ambayo yanaweza kufanyika popote penye majani au mkeka. La kwanza ni kwamba mwanafunzi hafundishwi kuangusha kabla ya kufundishwa kuanguka. Anajifunza kukunja kidevu, kupiga mkono chini, kubingirika, hata mwili usivunjike. La pili ni hili: ukikamatwa vibaya, unampiga mwenzako kwa kiganja mara mbili, pap pap, na yeye anakuachia papo hapo. Hakuna anayekuita mwoga. Wewe una haki ya kusema basi, na yeye ana wajibu wa kusikia. Tumejiuliza ni nyumba ngapi kati yetu, ni mume na mke wangapi, wenye ishara kama hiyo.

Na kwa yule asiye na mkeka wala kocha, kuna pumzi. Mtu anapokasirika moyo unakimbia. Ukivuta pumzi taratibu na kuitoa kwa muda mrefu kuliko ulivyoivuta, kwa mfano kuvuta ukihesabu mpaka 4 na kutoa ukihesabu mpaka 6, moyo unapunguza mwendo wake. Fanya hivyo mara kumi. Lakini mkumbuke mwanafunzi wa chukudu: jaribu asubuhi, wakati chombo ni kitupu, siku ambayo hakuna aliyekutukana. Siku ya matusi hutakumbuka kuhesabu kama hujazoea.

Imani inapokuwa breki

Katika mji huu watu wanasali. Kuna wakatoliki, waprotestanti, wakimbangu, waislamu, na makanisa ya uamsho karibu kila avenyu. Vita vilipofika Januari 2025, familia nyingi zililala ndani ya makanisa na shule. Kwa hiyo hatuwezi kusema juu ya ukuaji wa mtu hapa tukaiacha imani kando, kana kwamba ni jambo la Jumapili tu.

Ukiangalia vizuri, dini zetu zimejaa breki. Mkristo ana siku moja katika saba ya kuacha kazi. Kwaresima inamfundisha kusema hapana kwa kitu kizuri, ili siku moja aweze kusema hapana kwa kitu kibaya. Mwislamu anafunga mwezi mzima wa Ramadhani, na anafundishwa kwamba mfungo unaharibika thamani ukiunganishwa na matusi na ugomvi. Yakobo, katika sura ya 3 ya barua yake, anaufananisha ulimi na hatamu ya farasi na usukani wa meli, vitu vidogo vinavyotawala vitu vikubwa. Angekuwa mtu wa Kibumba tunadhani angeutaja mpira ule wa nyuma. Na katika mapokeo ya Mtume Muhammad kuna fundisho kwamba mwenye nguvu wa kweli hatambulikani kwa mieleka, bali kwa kujitawala anapokasirika. Padri, mchungaji na imamu wanaweza kukaa kwenye benchi moja na kufundisha jambo hili bila kubishana hata dakika moja. Tumewahi kuwaona wakifanya hivyo.

Lakini tuseme ukweli. Imani inaweza pia kuwa mteremko. Kuna wahubiri wanaotabiri kwa majina, wanaosema fulani ni mchawi, mtoto fulani ameleta balaa, kabila fulani limelaaniwa. Neno likivaa nguo ya Mungu linakimbia kuliko uvumi wa bombani, na hakuna anayethubutu kuuliza nani aliona kwa macho. Tunawaomba waumini wathubutu. Kuuliza si kukosa imani.

Sanduku la funguo tatu

Tunataka sasa kuwasimulia jambo moja kwa urefu, kama mama mmoja alivyotusimulia. Hatutaji jina lake wala kambi.

Kikundi chao cha akiba kilikuwa na watu 23, wengi wao wanawake, kutoka makabila manne. Mnaifahamu njia hii, hapa tunaiita AVEC. Ilianzia Niger mwaka 1991 na shirika la CARE, ikaenea Afrika yote. Tofauti na likelemba, ambapo mmoja anapokea yote kwa zamu, katika AVEC fedha hukaa katika sanduku la chuma lenye kufuli tatu. Watu watatu wanashika funguo, na mwenye kulaza sanduku nyumbani hana hata ufunguo mmoja. Kila mtu ana kitabu chake, na akiba inawekwa kwa mihuri. Mtu akiangalia anaona ni usumbufu mtupu. Watu watatu ili kufungua sanduku lenye faranga za makala na sombe!

Februari 2025 watu waliambiwa waondoke ndani ya siku chache. Shiti zilianza kuvuliwa. Wa kwanza kuondoka alikuwa mmoja wa washika funguo, aliyepata nafasi kwenye gari la kuelekea Sake, na ufunguo wake ukaenda naye. Jioni ileile uvumi ulipita kwamba mama mlaza sanduku anapanga kupanda mtumbwi usiku na fedha zote. Alikuwa wa kabila ambalo si la wengi mle kambini. Mnaelewa mteremko ulikuwa wa namna gani.

Vijana wawili walifika na jiwe la lava kuvunja sanduku. Mama aliyetusimulia alikuwa katibu wa kikundi. Alisema kwamba mwenyewe alikuwa ameamini uvumi ule. Alikuwa na watoto watano na alikuwa na hasira kuliko wale vijana. Lakini kwa miezi kumi na minne, kila Alhamisi, alikuwa amekaa kwenye duara, akingoja funguo tatu zifike kabla ya kuhesabu, hata siku za mvua, hata siku ambazo mmoja alichelewa saa nzima. Mwili wake ulikuwa umezoea kungoja. Basi akakaa juu ya sanduku. Ndivyo alivyofanya: alikaa juu yake, akasema halifunguliwi mpaka wote waliobaki wafike na vitabu vyao.

Walifika 19. Walimwita rais wa kambi na jirani mmoja mwenyeji, mwenye shamba, wawe mashahidi. Kufuli mbili zilifunguliwa kwa funguo, ya tatu ikakatwa kwa msumeno mbele ya wote, na jambo hilo likaandikwa. Fedha zilihesabiwa kwa sauti. Zilikuwa kamili. Mama aliyeshukiwa alilia, lakini hakusema neno. Kila mmoja akapata kwa mihuri yake. Sehemu za wanne wasiokuwepo zilifungwa kwenye karatasi zenye majina, zikapewa ndugu zao au jirani yule mwenyeji, na kila mpokeaji akatia kidole.

Tulimuuliza kama zote zilifika. Tatu zilifika. Ya nne bado iko kwa mwenyeji, kwa sababu mwenye nayo hajapatikana. Na kuna mkopo mmoja ambao mwenye kukopa ameondoka nao, na mpaka leo baadhi ya wanakikundi hawasalimiani na dada yake. Kwa hiyo habari hii haikumalizika vizuri pande zote. Na vijana wa jiwe? Mmoja wao aliomba msamaha kwa mama mlaza sanduku. Mwingine anasema bado kwamba walikuwa na haki ya kushuku. Mama katibu naye alikwenda kwa mlaza sanduku, wiki kadhaa baadaye, kumwambia kwamba na yeye alikuwa ameamini. Anasema hiyo ndiyo ilikuwa ngumu kuliko kukaa juu ya sanduku.

Kufunga breki si kunyamaza

Hapa tunapaswa kuwa waangalifu, kwa maana somo kama hili limekwisha kutumiwa vibaya. Mwanamke amebakwa, na wazee wanamwambia atulie, asilete aibu, asamehe. Familia imenyang'anywa shamba, na inaambiwa iwe na subira kwa ajili ya amani. Hiyo ni kuweka mawe juu ya mtu, na papa wa chukudu asingeitambua kuwa breki. Breki haizuii mzigo kufika. Inafanya ufike.

Aliyebakwa asicheleweshwe hata kidogo. Dawa za kuzuia VVU zinafanya kazi zikianzwa ndani ya masaa 72, na mapema ni bora zaidi. Hospitali ya HEAL Africa hapa Goma, na ya Panzi huko Bukavu, zimehudumia manusura kwa miaka mingi, na vituo vya afya vingi vinaweza kuanza matibabu au kuelekeza. Kiongozi anayepata habari kama hiyo kazi yake ya kwanza ni kumsindikiza mtu kwa daktari, kwa siri, akikubali mwenyewe. Maneno ya msamaha si ya siku hiyo, na si ya mwingine kumsemea.

Vivyo hivyo kwa shamba lililochukuliwa: andika mipaka unayoikumbuka, majina ya majirani walioiona, mwaka ulioondoka, na utunze karatasi hiyo mbali na maji. Mtu aliyepunguza mwendo ana nafasi ya kuandika. Aliyekwenda na panga usiku amepoteza shamba na ushahidi pamoja.

Kwa vikundi vya majadiliano

Mkikutana, msisome yote kwa siku moja. Someni sehemu ya chukudu, kisha mkaribishe msukuma aliye jirani, mumwachie aeleze kwa maneno yake, na mwezeshaji akae chini kama sisi tulivyokalishwa. Siku nyingine zungumzieni sanduku. Waulizeni akina mama: kama mngekuwa 23 wale, nani kati yenu angekaa juu ya sanduku, na ni mazoea gani ya kila wiki yangemsaidia kufanya hivyo? Waulizeni vijana wa jiwe, kwa maana watakuwemo, ni nini kingewapunguza mwendo kabla hawajaokota jiwe. Msiwaaibishe.

Kwa viongozi tuna swali moja la kujibu kwa vitendo. Katika mahali mnapoishi sasa, uvumi unaanzia wapi asubuhi: bombani, kwenye kinu, kwenye kituo cha moto, kwenye simu? Mkishapajua, chagueni watu wawili, mmoja mwenyeji na mmoja mhamishwa, wawe wanapita hapo kila siku mapema, hata siku ambazo hakuna kitu. Tuandikieni baada ya mwezi mmoja mtuambie walikuta nini.

Papa yule bado anasukuma. Tulipomsomea makala hii kabla ya kuichapisha, alisikiliza mpaka mwisho, akasema tumesahau jambo moja: mpira wa breki unaisha, na inafaa kuukagua kabla ya kila safari.